Mwanamke wa Kwenye Kiti

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumwonea wivu mwanamke usiyemjua sura, usiyejua hata anatembeaje? Usikimbilie kusema hapana. Wivu wa mtu unayemjua una dawa, maana iko siku utamkuta kavaa kiatu kilichopasuka kisigino, na moyo wako utapoa. Wivu wa mtu usiyemjua ndio unaotafuna hadi mfupa, kwa kuwa nguo zake unamshonea wewe mwenyewe kichwani, na kila mwaka unamwongezea urembo.

Mama Pazia aliubeba wivu wa namna hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, hadi zikawa nyeupe pe. Na aliyemwonea wivu alikuwa mmoja tu: yule mwanamke aliyechukua kiti chake.

Kiti chenyewe kilikuwa cha jukwaani. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtunzi, naye akawa anaitika kama ndilo jina alilopewa na mama yake, alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza uitwao *Wenye Nyumba*. Ni mchezo wa watu wanne. Mama mzee amekaa kwenye kiti katikati ya sebule, na watoto wake watatu wamemzunguka wakitaka nyumba yake iuzwe, wagawane. Basi. Hakuna mfalme, hakuna upanga. Wanaongea tu, na mama anawajibu.

Siku hizo Mtunzi alikuwa karani wa stoo, kuandika ilikuwa kazi yake ya jioni. Mama Pazia alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na kwa kuwa meza ya nyumba ilikuwa moja, walikaa wote wawili pale pale: upande huu karatasi, upande ule pasi. Mtunzi akishaandika neno la mtoto mkubwa, analisoma kwa sauti. Kabla hajaanza kufikiria mama mzee atajibu nini, mkewe amekwisha kujibu, macho yake wala hayajatoka kwenye kola ya shati.

"Mama, nyumba hii imechakaa," Mtunzi alisoma.

"Hata wewe umechakaa, mbona sijakuuza?" lilikuja jibu kutoka upande wa pasi.

Mtunzi alicheka mpaka akakohoa. Lakini jibu lile hakuliandika. Aliandike la nini? Mwenyewe yupo, tena ndiye aliyekubali kuigiza mama mzee, maana kikundi chao hakikuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kujifanya mzee bila kutetemeka kama jani. Kwa hiyo kila ilipofika zamu ya mama, Mtunzi aliweka kwenye mabano maneno mawili: *Mama anajibu*. Kisha anarukia kwa mtoto anayefuata. Waigizaji wale watatu walikariri ya kwao, na kwa ya mama walijua tu kungoja amalize, wajizuie kucheka, wasonge mbele. Maana mchezo ule, nakuomba ulishike hili, ulikuwa wa kuchekesha. Kwenye mazoezi yule aliyeigiza kitinda mimba alikuwa akigeukia ukutani ili apate kuvuta pumzi.

Siku ya kwanza kuuonyesha ilikuwa mchana wa Jumamosi, watu wamejaa hadi madirishani. Mama Pazia alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, nayo ilikuwa imeshuka, wakaificha kwa shuka alilojifunika mapajani. Mwanzo ulikwenda. Walikuwa wamebadilishana maneno machache tu, watu ndio kwanza wanajiweka sawa kwenye viti vyao, pazia likavutwa ili meza ya chakula iingizwe. Hapo uchungu ukamshika, kwa mkono mmoja akalidaka pazia lile lile. Mshona mavazi wa kikundi akamkumbatia kiunoni, akamtoa kwa mlango wa nyuma hadi hospitali. Mtoto akazaliwa jua likiwa bado juu. Wa kike. Ndiyo sababu anaitwa Pazia mpaka leo, ingawa kwenye vyeti ana jina zuri na kazini ni mhasibu wa kuheshimika.

Mtunzi alifika hospitali jasho likimtiririka, macho yanang'aa. Akamshika mtoto kama anayeshika sahani ya kuazima. Akasema mchezo umepokelewa kuliko alivyoota.

"Nani alikaa?" aliuliza Mama Pazia.

"Walifanya mpango," alisema Mtunzi.

Hayo tu. Na yeye, maziwa yanamvuja, akajua amepatikana mwanamke.

Kuanzia siku ile mwanamke yule akahamia kichwani mwake. Mchezo ulitembea mji baada ya mji. Magazeti yakaandika. Mchapishaji akautaka, ukawa kitabu. Kitabu kikaingia mashuleni, watoto wakakifanyia mitihani. Mtunzi akaacha stoo. Na Mama Pazia, huku akinyonyesha, huku akifua, huku akiwapeleka wengine shule, alikuwa akimwona mwanamke yule amekaa, mgongo umenyooka, anasema, *Hata wewe umechakaa, mbona sijakuuza*, na ukumbi unavunjika mbavu. Vicheko vile vilikuwa vyake. Vilikuwa vinamwendea mwingine.

Mara moja moja, akimwekea mumewe maji ya kuoga, alikuwa akiuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Huyo Mama wenu, anakaaje?"

"Anakaa vizuri."

"Ananizidi?"

"Hawezi kukuzidi, Mama Pazia. Yule hata nusu yako hafiki."

Jibu hilo lilimtuliza wiki nzima. Mchezo ukirudi mjini kwao, Mtunzi alikuwa wa kwanza kumhurumia: viti vya ukumbini ni vigumu, na mgongo wako huo! Naye hakubishana, maana wivu una kiburi chake. Aende akamshangilie aliyemrithi? Kitabu chenyewe alikifungua mara moja tu, siku kilipoletwa nyumbani. Akaona ukurasa wa kwanza umeandikwa *Kwa mke wangu*, akakifunga, akakiweka kabatini kwenye kioo, na kazi yake ikawa kukifuta vumbi. Kukisoma hakukisoma. Maneno aliyoyatoa yeye mwenyewe juu ya kola za watu, akayasome ili iweje?

Watoto wake walikisoma shuleni wote. Wakadhani mama anajua kilichomo. Nani atamwambia mama yake habari za kitabu cha baba yake?

Miaka ikaenda, Pazia akazaa binti, na binti akapenda jukwaa kuliko chakula. Mwaka huu chuo chao kikaamua kuuonyesha *Wenye Nyumba* kwa heshima ya Mtunzi, na mjukuu akapewa sehemu ya binti wa katikati. Akaja kwa bibi yake mbio, hajavua hata viatu.

"Mke mwenzangu!" alisema, kwa utani wao wa siku zote. "Jumamosi mchana unakuja. Mume wetu atakaa mstari wa mbele, na wewe utakaa ubavuni mwake. Habari za mgongo sitaki kuzisikia, nimekutafutia na mto."

"Mimi mwenyewe ndiye mke mkubwa, na napangiwa safari na mke mdogo," alisema Mama Pazia. Kisha akashusha sauti. "Na kile kiti... nani anakaa?"

Mjukuu aliangua kicheko. "Bibi na wewe! Nani anakaa, eti!" Akachota maji, akanywa, akaondoka na kicheko chake.

Mama Pazia akabaki na swali lake. Akaona basi, mwaka huu ataenda. Amekwisha kuzeeka, na huenda na mwenzake amezeeka, au amekwisha kufa na kiti kimepewa msichana. Vyovyote iwavyo, amtie machoni. Akalitoa gauni lake la bluu, akalipiga pasi mwenyewe, mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Akavaa hereni. Mtunzi alipomwona mlangoni akiwa tayari, alikaa kwenye kochi bila kukusudia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye mchezo wako."

"Mgongo?"

"Umepona."

Njia nzima Mtunzi akawa anakunjua na kukunja miwani yake. Mama Pazia akafikiri ni hofu ya msanii.

Ukumbi ulinukia rangi mpya. Mstari wa mbele walimkuta mchapishaji, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyerithi kazi kwa baba yake. Alimkumbatia Mama Pazia kama ndugu aliyepotea, akamwonyesha karatasi ya jalada: kitabu kinatoka upya, jalada gumu, wiki ijayo kinaingia mtamboni. Juu ya jalada kulikuwa na picha ya kiti. Kiti tu. Mama Pazia akakitazama, akajisemea moyoni: huyo bibi anaringa, hata picha kakataa kupigwa.

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka.

Sebule. Meza. Kiti katikati. Watoto watatu wakaingia, mjukuu wake akiwa wa pili kuingia, amefungwa kitambaa kichwani, kapendeza. Mama Pazia alimtazama kidogo tu, kisha macho yake yakaenda kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa. Aliona kiti ni kitupu, akajua mwenyewe bado hajaingia. Kumbe ni mtu wa kuchelewa! Akajiweka sawa juu ya mto, hereni zikacheza.

Yule kijana aliyeigiza mtoto mkubwa akapiga hatua, akainama mbele ya kiti.

"Mama, nyumba hii imechakaa."

Kimya.

Mama Pazia alingoja. Mlango haukufunguka. Watoto wote watatu walikuwa wanakitazama kile kiti, na kimya kikakaa hapo, kikakaa, mpaka kijana akarudi nyuma kama aliyepigwa kibao.

"Basi usinitazame hivyo," alisema.

Nyuma yao mtu alivuta pumzi kwa uchungu. Mama Pazia akainama mbele. Maneno yale aliyajua. *Basi usinitazame hivyo* ndiyo aliyoyasema mtoto mkubwa baada ya kuambiwa amechakaa. Kwa nini anajibu na hajaambiwa?

Binti wa katikati, mjukuu wake mwenyewe, akapiga magoti.

"Mimi ndiye niliyekuuguza, Mama."

Kimya tena. Na safari hii midomo ya Mama Pazia ilitikisika yenyewe, bila sauti: *uliniuguza siku moja, ukanisimulia mwaka mzima.* Alipofika kwenye neno la mwisho, pale pale, wala si kabla wala si baada, mjukuu akainua uso wenye machozi.

"Sawa. Sitasema tena."

Mungu wangu.

Hapo akaelewa. Wale watu watatu wa kwanza kabisa, waliozoea kumngoja amalize, waliendelea kumngoja hata alipokuwa hayupo. Wakamngoja kwa urefu ule ule wa maneno yake. Waliowarithi wakarithi na kungoja, na hawa vijana wakarithi kwa wale, hadi leo, kila kimya kina kipimo chake kama suruali, na ndani ya kila kimya kuna jibu lake yeye, hakuna anayelisikia. Hapakuwa na mwanamke. Hapakuwahi kuwa na mwanamke. Miaka yote ile aliyokuwa akimshonea nguo, akimpaka wanja, akimwuliza mumewe kama anamzidi, alikuwa anakionea wivu kiti!

Akamgeukia Mtunzi. Mtunzi alikuwa amefumba macho.

Na watu walikuwa wanalia! Mchapishaji alikuwa ameinua miwani anajifuta. Wanalia pale ambapo wangepaswa kushika mbavu. Kitinda mimba alisema kichwa kinamuuma, na Mama Pazia akajua jibu ni *kimeanza kufanya kazi, mwanangu*, na kijana akasema kwa sauti ya kuvunjika, "Unanicheka," na mstari mzima wa wasichana wa shule ukakwamia kwenye kwikwi. Nusura acheke yeye peke yake. Nusura apige yowe. Hakujua lipi litatangulia, akauma kitambaa chake.

Katika sehemu ya pili mtoto mkubwa analirudia lile neno lake. Kijana akainama tena mbele ya kiti.

"Nakuambia tena, Mama. Nyumba imechakaa."

"Hata wewe umechakaa, mbona sijakuuza?"

Lilimtoka. Halikutoka kwa kunong'ona, lilitoka kwa sauti ya mama anayemjibu mwanawe sebuleni kwake. Ukumbi mzima ulikauka. Kijana jukwaani akaganda ameinama. Kisha huko nyuma, juu kabisa, mtu mmoja akacheka, cheko la kupasuka, akalizima kwa kiganja. Vichwa vikageuka. Mjukuu alikuwa anatazama chini gizani, mdomo wazi.

Mtunzi alimshika mkewe mkono, akauminya.

"Nyamaza, mama," alinong'ona. "Unaharibu."

Mama Pazia akanyamaza. Si kwamba alitii. Alikuwa bado analigeuza kichwani neno lile: unaharibu.

Akaketi hadi mwisho. Mwishoni kitinda mimba anauliza, "Kwa hiyo tunafanyaje?" halafu kinakuja kimya kirefu kuliko vyote. Vitabu vya shule, nasikia, vina kurasa juu ya kimya hicho. Mama Pazia alijua kilichomo: *Hakuna cha kufanya. Nyumba nimeshaiuza jana, mnunuzi anakuja kesho, na mimi nahamia kwa mkubwa, na vitanda vyangu na kuku wangu.*

"Mimi naona niende," alisema mtoto mkubwa taratibu, akatoka.

"Na mimi," alisema wa katikati.

"Kwaheri, Mama," alisema wa mwisho, akikibusu kiti.

Watu wakasimama. Walipiga makofi huku wanalia, wakasema wale watoto wametubu. Kumbe wale watoto walikuwa wanakimbia!

Baada ya hapo mwalimu mmoja wa chuo, mwenye suti na kipaza sauti, alimpandisha Mtunzi jukwaani, akamketisha kando ya kile kiti, akamwuliza kilimjiaje. Mtunzi akaangalia vidole vyake. Mama Pazia akasema moyoni, sema. Sema sasa, na mimi nitakusamehe hapa hapa nilipokaa.

"Nilitaka kuonyesha," alisema Mtunzi, "kwamba aliyetulea, tukimsahau, hubaki akitutazama."

Makofi yakavuma. Mikono ya Mama Pazia ilibaki mapajani, imelala chali, kama si yake.

Mjukuu ndiye aliyemfuata, akampeleka kwenye chumba cha kuvalia, chumba chembamba chenye kioo kirefu na nguo zimetundikwa kwenye kamba. Wenzake wawili walikuwepo, wanajifuta poda. Mchapishaji akaja nyuma yao, bado pua nyekundu.

"Bibi," alisema mjukuu, "ulikuwa wewe. Ile sauti. Yale maneno umeyatoa wapi?"

"Ni yangu."

"Yako vipi?"

"Niliyatoa kichwani mwangu nikipiga pasi. Kaa hapo. Wewe kijana, njoo useme tena kwamba nyumba imechakaa."

Kijana alimtazama mjukuu, mjukuu akamwashiria kwa kidevu. Mama Pazia akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya ndoo na viatu, mgongo umenyooka, na wakaanza. Mwanzoni vijana walisema kwa woga. Kufikia kitinda mimba na kichwa chake, yule mwigizaji alipojibiwa alishindwa kuendelea; akashika kamba ya nguo, kamba ikakatika, makoti yakamwangukia, na bado akawa anacheka mle ndani ya makoti. Walipofika kwenye nyumba iliyouzwa jana na kuku watakaohama, mjukuu alikuwa sakafuni, machozi ya kicheko yamemharibu uso.

Mchapishaji hakucheka. Alikalia sanduku la mavazi, mkono kifuani.

"Ni wa kuchekesha," alisema. "Huu mchezo ni wa kuchekesha? Baba yangu amekufa anaulilia! Mimi nimeusoma kwenye mazishi ya watu!"

Mlango ukafunguka. Mtunzi, shada la maua mkononi. Vicheko vilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Ingia, Baba Pazia," alisema mkewe. "Tunazungumza habari zako. Siku ile hospitalini nilikuuliza nani alikaa."

"Nilikuambia walifanya mpango."

"Mpango ulikuwa nini?"

Mtunzi aliyaweka maua mezani, kati ya poda na vitana. "Kiti," alisema.

"Kiti."

"Tulikiacha hivyo hivyo. Hatukuwa na mtu. Nikawaambia wakisemeshe tu, tumalize siku ile. Watu wakaanza kulia. Magazeti yakaandika juu ya kiti. Baba yake huyu akaja, anautaka mchezo wa kiti. Pale nilipokuwa nimeweka *Mama anajibu*, nikafuta, nikaandika *Kimya*."

"Babu!" mjukuu alisema. "Nilipata alama za juu darasa zima kwa kueleza hicho kimya!"

"Mimi nilikuwa wapi?" aliuliza Mama Pazia. "Ulipokuwa unafuta, mimi nilikuwa wapi?"

"Chumba cha pili. Unambembeleza mtoto."

"Na hukuweza kufungua mlango ukaniuliza?"

Mtunzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu mzima, suti yake ya heshima, juu ya ndoo.

"Niliogopa," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa neno nililoandika mimi. Ningeyarudisha ya kwako, wangecheka. Na wangecheka kwa ajili yako. Mimi ningekuwa yule anayesema nyumba imechakaa."

"Na ukaniacha nimwonee wivu mtu asiyekuwepo! Nakuuliza ananizidi, unaniambia hata nusu yangu hafiki!"

"Si ilikuwa kweli?"

Yule kijana kwenye makoti alitoa mlio mdogo, mjukuu akamkanyaga mguu.

Mchapishaji akasimama. Alikuwa amekwisha kuamua, ukimwona jinsi alivyoivaa miwani. Alisema mtambo utangoja. Maneno ya mama yatachukuliwa moja moja, yawekwe mahali pake, na kitabu kitoke kama mchezo ulivyokuwa. Ila hawezi kufanya hivyo bila Mtunzi kukubali. Wote wakamtazama Mtunzi. Uso ulimshuka, ukaona kabisa mtu anavyoaga makofi ya maisha yake.

"Yaandikeni," alisema mwishowe. "Yote. Na jina lake liwe juu, kando ya langu."

Mjukuu alirukaruka. Akamkumbatia bibi, akamkumbatia babu, akamkumbatia mchapishaji, akaanza kupanga nani ataigiza mama mwaka ujao, na kwa nini asiwe bibi mwenyewe. Mtunzi akainuka, akamnyooshea mkewe mkono.

"Haya, Mama Pazia. Umepata. Twende nyumbani."

Mama Pazia hakuinuka.

"Bibi?" Mjukuu alimwinamia. "Si ndicho ulichotaka?"

"Hicho nimekitaka leo, mke mwenzangu. Leo ndiyo nimejua kwamba sikuwa nacho. Nakishukuru. Kile kingine nimekaa nacho tangu mama yako azaliwe, na hakuna aliyeniuliza."

"Basi mimi nakuuliza," alisema Mtunzi. Mkono wake ulikuwa bado hewani.

Mama Pazia aliutazama mkono ule. Aliona doa la wino kwenye kidole cha kati, lile ambalo sabuni zote alizonunua zilishindwa.

"Siku ile," alisema, "uchungu uliponishika. Ulikuwa umesimama karibu nami. Ulikuwa umeona."

"Niliona. Nilikuwa nakuja. Wewe mwenyewe ukaniambia tuendelee na mchezo! Mshona mavazi alisikia, na wale watatu walisikia. Ulisema, *Nyinyi endeleeni, msinijali.* Sikukutupa, Mama Pazia. Nilifanya ulivyosema."

"Nilisema," alisema Mama Pazia. "Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, na wewe uso wako ulikuwa hivyo, unaniomba. Nikasema endeleeni."

Mama Pazia akainua macho kutoka kwenye ule mkono, akamtazama mumewe usoni.

"Nilitaka ukatae."